Vali ndogo inayokula hesabu ya gari

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawana vyeti vya hisa kabatini. Hisa yao ipo barabarani: ni Hiace ya abiria, ni pikapu ya kubebea mchele na viazi, ni Noah ya kukodisha. Gari hilo ndilo mtaji, ndilo dhamana ya mkopo, na mara nyingi ndilo ada ya shule. Ajabu ni kwamba mfanyabiashara anayebishana nusu saa juu ya shilingi mia katika gunia la mahindi, akifika gereji hukubali kulipia spea ya laki kadhaa kwa kuambiwa tu kwamba "tatizo ni hii hapa".

Maoni yetu wiki hii ni kwamba tabia hiyo ndiyo hasara kubwa ya gari la biashara, na dawa yake ni kulipia upimaji kabla ya kulipia kifaa. Mfano tunaoutumia ni vali ya EGR, kwa sababu katika gereji zetu ni vifaa vichache vinavyosingiziwa, kubadilishwa na kuzibwa bila kupimwa kama hicho.

Kazi ya vali hii

Kazi ya EGR ni kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa inayoingia injini. Kwa mtu wa kawaida jambo hili halieleweki upesi: kwa nini injini ilishwe uchafu wake yenyewe? Sababu ni joto. Moshi ulioungua hauna oksijeni nyingi, hivyo ukichanganywa na hewa safi hupunguza ukali wa moto ndani ya silinda. Joto likishuka, hupungua pia zile oksidi za naitrojeni, gesi inayowasha mapafu na kuchangia ukungu mchafu juu ya miji. Magari ya Marekani yalianza kufungwa kifaa hiki kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya sheria za hewa safi kukazwa.

Vali yenyewe ni mlango tu. Kompyuta ya gari, au mvuto wa vakyumu katika magari ya zamani, huufungua gari linapokwenda mwendo wa wastani na kuufunga dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Katika injini nyingi za petroli mlango huo hufungwa pia injini inapokuwa sailensi, yaani inanguruma gari likiwa limesimama.

Ugonjwa wake mkuu ni masizi. Moshi wa dizeli una masizi, na njia ya hewa ina mvuke wa oili kutoka injini. Viwili hivyo vikikutana hufanya utope mweusi mzito unaoshika kwenye mlango, kwenye kipozeo cha EGR na ndani ya manifodi. Gari linalokaa foleni kutwa, linalokwenda safari fupi fupi na kusubiri abiria injini ikiwaka, hujaza utope huo haraka kuliko gari la safari ndefu. Kwa maneno mengine, kazi ya daladala ndiyo hasa inayoiua vali hii.

Wenye injini za dizeli za Toyota za 1KD-FTV na 2KD-FTV, zilizomo katika Hiace, Hilux na Prado nyingi, wanaijua habari hii. Vile vile wanaoagiza Mazda za dizeli za Skyactiv, na wenye Prius ya kizazi cha tatu iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ambayo ni ya petroli lakini kipozeo chake cha EGR nacho huziba.

Hata hivyo si kila gari lina kifaa hiki. Injini ya 1NZ-FE iliyozoeleka kwenye Vitz, Ist na Probox haina vali ya nje ya EGR. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchezesha muda wa kufunguka kwa vali za kawaida kupitia mfumo wa VVT-i. Kwa hiyo mwenye Probox ya injini hiyo akiambiwa anunue vali ya EGR, na aondoke gereji hiyo bila kuaga.

Dalili zinazofanana

Vali hii huharibika kwa namna mbili, na kila moja ina dalili zake.

Ya kwanza ni kukwama ikiwa wazi. Hapo moshi unaingia wakati usiotakiwa. Gari la petroli hutetemeka sailensi, humisi au huzima kwenye taa za barabarani. Gari la dizeli hukosa nguvu linapoanza kuondoka, hutoa moshi mweusi, na tabo huchelewa kuitika. Mafuta huongezeka, na dereva huanza kutoa visingizio wakati wa kuleta hesabu.

Ya pili ni kukwama ikiwa imefungwa, au njia zake kuziba. Gari la petroli linaweza kugonga likipanda mlima na mzigo, kwa sababu joto la silinda limepanda. Gari la dizeli huenda lisionyeshe lolote kwa dereva isipokuwa taa ya injini kwenye dashibodi.

Sasa angalia ugumu ulipo. Moshi mweusi na kukosa nguvu ni dalili pia za nozeli mbovu, eakilina iliyojaa vumbi, mpira wa tabo uliopasuka, au sensa ya hewa iliyochafuka. Kutetemeka sailensi ni dalili pia za plagi kuukuu, koili mbovu na mpira wa vakyumu unaovuja. Mtu anayesikiliza gari kwa dakika mbili na kutamka jina la kifaa kimoja, anabahatisha. Anaweza kupatia, lakini mtaji unaochezwa ni wako.

Upimaji wenye mpangilio

Upimaji wa kweli huanza na kilicho rahisi na kuishia na kilicho ghali. Mfanyabiashara hana haja ya kuwa fundi, lakini anapaswa kuujua mpangilio huu kama anavyojua kupima unyevu wa mahindi kabla ya kununua.

Hatua ya kwanza ni mashine ya kupimia. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu modeli ya mwaka 1996 yana mfumo wa OBD-II, na magari mengi yaliyokuja baadaye kutoka Ulaya na Japani yanasomeka kwa namna hiyo hiyo. Namba za EGR zinafahamika. P0400 ni hitilafu ya jumla ya mtiririko. P0401 ni mtiririko hafifu. P0402 ni mtiririko uliozidi. P0403 ni hitilafu ya umeme unaoiendesha vali. P0405 na P0406 ni sensa inayoonyesha mahali vali ilipo kutoa umeme mdogo au mkubwa mno.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Namba hiyo ni ushahidi, si hukumu. P0401 inasema moshi unaorudi hautoshi. Haisemi vali imekufa. Mara nyingi vali ni nzima na kilichoziba ni njia ya manifodi au kipozeo. Ukinunua vali mpya na kuifunga juu ya njia iliyozibwa na masizi, taa itawaka tena baada ya siku chache. Hali kadhalika P0403 inaweza kuwa waya uliokatika au soketi iliyoingia maji, kazi ya muda mfupi kwa fundi umeme.

Hatua ya pili ni macho. Fundi aangalie mipira ya vakyumu, soketi za nyaya, gasketi ya vali, na kama kuna masizi yanayovuja kandoni. Mpira uliopasuka ni kitu cha bei ndogo, lakini unaweza kuifanya vali nzima ionekane mbovu.

Hatua ya tatu inategemea aina ya vali. Kwa vali ya vakyumu, pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa inatosha. Injini ya petroli ikiwa sailensi, fundi avute vakyumu kwenye vali. Ikiwa njia ziko wazi, injini itatetemeka au kuzima. Ikiwa mlango unasogea lakini injini haitikisiki, njia zimeziba. Ikiwa vakyumu haikai, ngozi ya ndani ya vali imetoboka. Zipo aina chache zinazohitaji shinikizo la moshi ndipo zishike vakyumu, hivyo kitabu cha gari husika kisipuuzwe.

Kwa vali ya umeme, mashine nzuri inaweza kuiamuru ifunguke na ifunge huku fundi akisoma tarakimu. Katika dizeli yenye sensa ya hewa, vali ikifunguka kiasi cha hewa safi kinachosomwa lazima kishuke, kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na moshi. Kisiposhuka, ama vali haikufunguka, ama njia imeziba, ama sensa yenyewe inadanganya. Kikibaki chini hata vali ilipoamriwa kufunga, inawezekana imekwama wazi.

Hatua ya nne, na si ya kwanza, ni kuifungua. Injini iwe imepoa na nyaya za betri zimetolewa. Masizi yasafishwe kwa dawa inayofaa, njia za manifodi zikwanguliwe pia, na mlango wa vali ya mota usilazimishwe kwa bisibisi, kwani gia zake ndogo huvunjika. Gasketi iwe mpya. Kisha namba zifutwe, gari litembezwe, na tarakimu zisomwe tena. Kazi isiyopimwa baada ya kumalizika haijamalizika.

Hesabu ya mwenye gari

Tuweke mfano wa tarakimu, na kila msomaji aweke za kwake. Tuseme Hiace inaleta hesabu ya Sh 70,000 kwa siku. Tuseme upimaji ni Sh 40,000, kusafisha vali na njia zake pamoja na gasketi ni Sh 120,000, vali ya mtumba ni Sh 350,000 na ufundi wa kuifunga ni Sh 50,000.

Mwenye gari wa kwanza ananunua vali bila kupima. Analipa Sh 400,000 na gari linalala siku mbili, yaani Sh 140,000 nyingine. Jumla ni Sh 540,000. Wiki inayofuata taa inawaka tena, kwa kuwa kilichoziba ni njia. Sasa anapima kwa Sh 40,000, anasafisha kwa Sh 120,000, na anapoteza siku moja ya Sh 70,000. Jumla kuu ni Sh 770,000.

Mwenye gari wa pili anapima kwanza, anasafisha, na kupoteza siku moja. Jumla ni Sh 230,000. Tofauti ni Sh 540,000, karibu hesabu ya siku nane.

Msomaji atauliza: je, ikiwa vali kweli ilikuwa imekufa? Hapo wa pili atatumia Sh 580,000 badala ya Sh 540,000. Amezidisha Sh 40,000 tu. Kwa tarakimu hizi, hata kama upimaji utakuokoa mara moja katika kila mara 13, bado umejilipa. Ni bima gani sokoni yenye masharti mepesi kiasi hicho?

Kwa nini basi hatupimi?

Jibu rahisi ni kuwalaumu mafundi. Sisi hatukubaliani nalo. Tatizo linaanza kwa mteja. Mwenye gari wa kwetu hataki kulipia "kuangalia tu". Fundi akitumia saa mbili kutafuta mpira uliopasuka, kisha akaubadilisha, mteja humpa elfu chache na kunung'unika kwamba hakuna alichofanya. Fundi huyo huyo akisema "vali imekufa", ataambatana na mteja hadi Gerezani, ataongea na mwenye duka pembeni, na cha juu chake kitapatikana ndani ya bei ya spea. Nairobi katika maduka ya Kirinyaga Road mambo hayatofautiani sana.

Kwa hiyo tumejenga soko ambalo akili ya fundi hailipwi ila ikijificha ndani ya chuma. Katika soko la namna hiyo, fundi mwaminifu anayepima hula njaa, na anayebadilisha ovyo hushiba. Hili ni suala la biashara kabla halijawa suala la maadili. Ukitaka kupata upimaji, ununue upimaji. Uwe na bei yake, risiti yake na majibu yake kwenye karatasi, hata kama majibu ni kwamba EGR ni nzima.

Kuziba si kutibu

Wapo wanaosema yote haya ni usumbufu, kata kipande cha bati, ziba njia, maisha yaendelee. Tukiri ukweli: vali iliyokwama wazi ikizibwa, gari hurudi nguvu siku hiyo hiyo, na masizi hayaingii tena kwenye manifodi. Ndiyo maana dawa hiyo inapendwa.

Lakini mwenye mtaji ahesabu upande wa pili. Kwanza, magari mengi ya kompyuta hugundua kwamba mtiririko haupo, taa huwaka, na mengine hupunguziwa nguvu na kompyuta ili kulinda injini. Taa ikizoeleka kuwaka, siku oili au joto vitakapoleta hitilafu ya kweli hakuna atakayeitazama. Pili, injini ya petroli inaweza kuanza kugonga ikibeba mzigo. Tatu, bati halimtibu aliyeleta masizi. Kama nozeli zinamwaga mafuta au tabo inavujisha oili, ugonjwa huo unaendelea chini kwa chini hadi unapofika bei ya injini. Nne, mnunuzi mwenye mashine atakuta hitilafu hiyo siku ya kuuza na kushusha bei.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye daftari la mtu yeyote. Gesi inayozuiwa na vali hii huvutwa kwanza na kondakta, mama muuza chakula wa stendi na mtoto wa shule anayesubiri gari. Nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia mwaka 2015. Ni hasara kusafisha mafuta kwa fedha nyingi kisha kuziba kwa bati kifaa kinachosafisha moshi wake.

Somo kutoka kwa wakubwa

Mwekezaji anayedhani hizi ni habari za gereji akumbuke mwaka 2015. Septemba 18 mwaka huo, mamlaka ya mazingira ya Marekani iliituhumu Volkswagen kwa kuweka programu iliyotambua gari likiwa kwenye kipimo na kubana moshi hapo tu, kisha kulegeza vidhibiti vya moshi likiwa barabarani. Kampuni ilikiri kwamba magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Siku ya kwanza ya soko baada ya tangazo, hisa zake zilianguka kwa zaidi ya asilimia 15.

Mwaka 2018 ikafuata BMW. Magari yake ya dizeli yaliwaka moto Korea Kusini, na kampuni ikaeleza kwamba vipozeo vya EGR vilikuwa vikivuja maji ya kupoza injini, ambayo yaliungana na masizi na kuweza kushika moto. Ilianza kuita magari yapatayo 106,000 nchini humo, na kabla ya mwaka kwisha idadi ikafika takriban milioni 1.6 duniani.

Kampuni hizo zina wahandisi wengi na fedha nyingi kuliko gereji zote za Afrika Mashariki, lakini mfumo uleule wa moshi uliziumbua. Mwenye Hiace moja hana akiba ya kubeba hasara ya namna hiyo.

Kinachopaswa kufanyika

Wenye gereji waandike bei ya upimaji ukutani, kando na bei ya ufundi, na wampe mteja karatasi yenye namba ya hitilafu, tarakimu zilizosomwa na uamuzi. Wauza spea wakubali kumrudishia au kumbadilishia mteja vali isiyofanya kazi ndani ya siku walizokubaliana kwa maandishi. Wenye magari, hasa wanaomiliki zaidi ya moja, wawe na daftari la kila gari, na wakiweza wanunue mashine yao ndogo ya kusomea namba. Vyama vya wasafirishaji vinaweza kuchanga na kununua mashine kubwa inayoweza kuamuru vali, ikae mahali pamoja, kila mwanachama alipie anapoitumia.

Wakati hayo yanasubiriwa, msomaji anaweza kuanza na maswali matatu kabla ya kutoa fedha ya vali. Namba gani imesomeka? Umejuaje kwamba ni vali na si njia, waya au mpira? Na kifaa cha zamani nitaondoka nacho? Fundi anayejibu yote matatu bila kukasirika, mlipe vizuri na uhifadhi namba yake ya simu.